Kamba hai hataki kurushwa mbali: vifaa vya kuvulia ufuoni Malindi

Kusi ikianza kulegea, watu huniuliza swali lilelile: ninunue fimbo gani? Nami huwauliza: utavua kwa chambo gani? Kama jibu ni kamba hai, basi huyo kamba (wa kuliwa, si ya kufungia mbuzi) ndiye atakayeamua pesa zako ziende wapi.

Mwaka wangu wa kwanza sikulijua hilo. Nilinunua fimbo ya futi 13, ngumu kama mpini wa jembe, na risasi (vyuma vizito vya kuzamisha chambo) za wakia 6. Nikaenda Mambrui, kaskazini ya Malindi, nikarusha mbali, watoto waliokuwa wakicheza mpira mchangani wakanipigia makofi. Nilipovuta, ndoana tupu. Mara ya pili vilevile. Mara ya tatu nilimwona kwa macho yangu: kamba aliachana na ndoana angani, akatua kwenye maji ya magoti, risasi ikaendelea na safari peke yake.

Tena huko mbali nilikokuwa nikirusha hakukuwa na haja ya kufika. Maji yakianza kujaa, samaki huingia kwenye mfereji ulio kati ya ufuo na fungu la kwanza la mchanga, mara nyingi mita 15 hadi 30 kutoka ulipo. Wimbi linachimbua mchanga, vijidudu na kaa wadogo wanatoka, na chaa, changu na kolekole wadogo wanakuja kula karibu na miguu yako. Kwa hivyo kila nilichokipanga hapa, kuanzia kinachofaa zaidi, nimekipima kwa jambo moja: je, kinamfikisha kamba majini akiwa mzima, na kinamwacha aogelee?

Namna ya kufunga ndoana

Nambari moja ni risasi inayoteleza. Uzi mkuu unapita kwenye tundu la risasi, kisha shanga, kisha swiveli (kiungo kidogo chenye pete kinachozunguka ili uzi usijisokote), halafu ugwe wa sentimita 40 hadi 60 wenye ndoana moja mwishoni. Samaki akimchukua kamba anavuta uzi bila kuhisi uzito, kwa hivyo hamtemi. Kamba naye ana nafasi ya kurukaruka, na ndiyo sababu ya kuhangaika na chambo hai. Shanga usiiruke: ndiyo inayozuia risasi isigonge fundo na kulikata. Mawimbi yakiwa makali fupisha ugwe hadi sentimita 30, maana mrefu hujisokota kwenye uzi mkuu. Risasi ya umbo la yai inafaa siku ya bahari tulivu tu, kwani mkondo huibingirisha hadi ufuoni. Siku nyingine zote tumia ya piramidi, uiangike kwenye kibanio kinachoteleza juu ya uzi. Kingo zake hushika mchanga. Wakia 2 au 3 zinatosha.

Nambari mbili: ndoana mbili juu, risasi chini kabisa. Kwa vipande vya ngisi au kamba waliokufa ningeiweka ya kwanza, kwa sababu inainua chambo juu ya kaa, na kaa wa Malindi wanajua kazi yao. Kwa kamba hai ina kasoro mbili. Ugwe zake ni fupi, sentimita 15 hivi, kwa hivyo kamba anakaa kama mfungwa. Halafu kila mrusho unagharimu kamba wawili. Naitumia wakati wa kusi, mwani unapotupwa pwani kwa wingi na chochote kinacholala chini kinafunikwa.

Nambari tatu ni chelezo. Ukiwa Lamu ningeipandisha iwe ya kwanza bila kusita, hasa ukivua kando ya mikoko ya Manda ambako maji yanakwenda polepole na kamba anaelea kama alivyozoea. Kwenye mawimbi ya Malindi, chelezo kinarudishwa miguuni pako kabla hujamaliza kukaza uzi.

Ya mwisho ni vile vilivyofungwa tayari vikauzwa kwenye pakiti. Nilinunua pakiti moja dukani mjini, ya bei nzuri tu, na kolekole wa kwanza wa maana aliifungua pete ya swiveli kama mtu anayevua hereni. Ukilazimika kununua, kata ugwe uliokuja nao, ufunge wako, na uivute kila pete kwa koleo kabla ya kuitia majini. Kufika hapo utakuwa umegundua kwamba ingekuwa rahisi kufunga mwenyewe tangu mwanzo.

Ndoana na ugwe

Hapa ndipo watu hubania senti, nami sielewi kwa nini, maana ndoana ndiyo kitu cha bei ndogo kuliko vyote. Nunua ndoana ya duara, ya waya mwembamba, saizi 1/0. Ndoana nene humuua kamba kwa kumtoboa tu. Kumbuka hesabu za ndoana zina vituko: saizi 4 ni ndogo kuliko saizi 1, lakini 4/0 ni kubwa kuliko 1/0. Ukimtuma mtoto dukani mwandikie kwenye karatasi.

Faida ya ndoana ya duara ni kwamba humnasa samaki pembeni ya mdomo, si tumboni. Masharti yake ni kwamba usishtue fimbo unapohisi kudonolewa. Mwache aondoke na chambo, uzi ukaze wenyewe, ndipo uanze kukunja. Waliozoea mshipi wa mkono hupata taabu hapa, mkono hautii amri. Kama huwezi kujizuia, chukua ndoana ya kawaida yenye shina refu, nayo si haramu. Ila epuka zile za chuma kisichoshika kutu: samaki akikata uzi, ni bora ndoana iliwe na kutu mdomoni mwake iishe kuliko kukaa naye miaka.

Kwa sababu unarusha, mchome kamba mkiani, pingili ya mwisho kabla ya pezi, ncha itokeze chini. Anashika vizuri zaidi. Chini ya chelezo mchome kichwani, chini ya pembe, na ulikwepe lile doa jeusi linaloonekana ndani ya kichwa, ukiligusa umemuua.

Ugwe wa florokaboni hauonekani sana majini na haukwaruziki upesi, lakini bei yake inauma. Ununue kwa ajili ya kaskazi, maji yakiwa angavu. Mvua zikinyesha bara na mto Sabaki ukashusha tope lake jekundu hadi ghubani, samaki haoni hata pua yake, na nailoni ya kawaida inayohimili ratili 20 inatosha kabisa. Ugwe wa waya uache nyumbani. Ndiyo, mzia atakukatia mara mojamoja, lakini waya utamnyima kamba uhai kila siku.

Uzi, rili, fimbo

Uzi wa nailoni wa milimita 0.35, wa takriban ratili 15, unashinda uzi wa kusuka kwa kazi hii. Unanyumbuka, kwa hivyo mrusho haumpasui kamba. Uzi wa kusuka ni mwembamba, hauozi upesi, unahisi kila mdonoo, lakini ni mkali kwenye kidole na mchanga unauchubua. Ukiupenda, tanguliza ugwe mnene wa kubeba mshtuko wa kurusha: ratili 10 kwa kila wakia ya risasi. Risasi ya wakia 3, ugwe wa ratili 30.

Rili (kifaa cha kukunjia uzi kwenye fimbo) ya saizi 4000 au 5000 inatosha. Dukani izungushe polepole sikio likiwa karibu; ikikwaruza, irudishe rafuni. Ukifika nyumbani ioshe kwa maji matamu ya kumiminika taratibu, si ya kupiga kwa mpira, maana presha inasukuma chumvi ndani.

Fimbo ninayoipendekeza ni ya futi 10, ya vipande viwili, yenye ncha laini, iliyoandikwa kwamba inarusha wakia 2 hadi 4. Ya pili kwangu ni mshipi wa mkono uliozungushwa kwenye kibao, na plagi kuukuu ya gari badala ya risasi. Sifanyi mzaha. Kwa mfereji wa mita 20, mzee wa Mambrui mwenye kibao chake atakuzidi ndoo. Ile ya futi 13 inafuata, ukitaka kuvua taa na papa wadogo kwa vipande vya samaki. Fimbo ya kuchomoza kama antena iwe ya mwisho: chembe chache za mchanga zikiingia kwenye maungio, haifungi tena wala haifunguki.

Ndoo

Mtu anayetumia pesa zote kwenye fimbo na kubeba kamba kwenye kopo la rangi atakuwa anavua kwa kamba waliokufa baada ya nusu saa. Nunua ndoo ya lita 20 yenye kifuniko na pampu ndogo ya hewa ya betri. Maji ya moto hayashiki hewa, kwa hivyo iweke kivulini, ubadilishe nusu ya maji mara kwa mara, na usijaze kamba: 30 au 40 wa urefu wa kidole ndio mwisho. Wakibanana hulana. Huna pampu? Walaze kwenye kikapu cha ukindu juu ya mwani uliolowa, chini ya kitambaa chenye maji. Wataishi muda wa kutosha maji kujaa. Mfuko wa plastiki usiutaje, umepigwa marufuku tangu Agosti 2017.

Kamba utawapata kwa wavuvi wanaotupa kimia, na Ghuba ya Ungwana kule kaskazini ndiyo shamba kubwa la kamba Kenya. Chukua wanaoonekana kama kioo na wanaoruka ukiwagusa. Aliyegeuka mweupe mwilini mwache kwa mchuzi.

Kwa bajeti yote, katika kila shilingi 100 mimi ningetoa 40 kwa rili, 25 kwa fimbo, 20 kwa ndoo na pampu, na 15 kwa uzi, ndoana na risasi.

Pa kuvulia, elekea kaskazini ya mji. Upande wa kusini kuna Hifadhi ya Taifa ya Bahari ya Malindi, iliyoanzishwa 1968, na ndani yake havuliwi samaki hata mmoja. Kwingineko piga hodi kwanza kwa BMU (kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufuo) ya pwani hiyo, wakueleze masuala ya leseni.

Na usisahau koleo refu. Maji yakiwa ya tope, nusu ya utakaowanasa watakuwa hongwe, ambao wengine huwaita fumi, na hongwe ana miiba mitatu yenye sumu: mmoja mgongoni, miwili kwenye mapezi ya ubavuni. Usimshike kwa mkono mtupu wala usimkanyage ili umtulize. Kama ameimeza ndoana, kata ugwe karibu na mdomo, umwache aende.