WhatsApp Business kwa fundi anayeshona peke yake

Nashona nguo peke yangu, na kwa miaka miwili sasa oda zangu zote zinapitia WhatsApp Business. Programu hii ilitoka 2018, kuipakua ni bure, na kilichonirahisishia kazi ni lebo, yaani alama za rangi unazoweka kwenye mazungumzo ya kila mteja. Mteja aliyelipa nusu ana rangi yake, anayesubiri kujaribu nguo ana yake. Daftari langu limebaki la vipimo tu.

Ninachokipenda kuliko vyote ni ujumbe wa kutokuwepo. Nimeupanga ujitume nje ya saa za kazi: “Nimefunga, nitakujibu asubuhi.” Mteja habaki akijiuliza, nami nalala. Orodha ya matangazo, yaani kutuma ujumbe mmoja kwa wateja wengi kwa mpigo, naitumia kwa kiasi. Ujumbe wake humfikia tu aliyehifadhi namba yako, na hilo naliona sawa kabisa, maana simu ya mtu si ukuta wa kubandika mabango. Hata hivyo huwa naomba ruhusa kwanza, na anayekataa namwondoa siku hiyohiyo.

Masasisho ya programu nayaweka Jumapili, kamwe si katikati ya oda, tena baada ya kuhifadhi nakala ya mazungumzo. Katalogi, sehemu ya kuonyesha bidhaa zako, sijaitumia sana. Uthibitishaji wa hatua mbili, yaani PIN ya ziada inayolinda akaunti yako, tafadhali, uwashe leo.