Meku wa Mtaa wa Chagga: ukiwa na pochi ya ngozi ya zamani, mpelekee huyu

Mimi nauza mikoba ya mtumba soko la Memorial, hapa Moshi, na biashara hii ndiyo inayonisomeshea watoto. Kwa hiyo nikikwambia fundi fulani anajua ngozi, nakwambia kitu ninachokilipia kwa hela yangu. Mafundi viatu mjini ni wengi, na baadhi yao ni hodari kweli kwa soli na visigino. Lakini pochi ya miaka arobaini si kiatu. Mwenye pochi ya zamani hataki ionekane mpya. Anataka iwe nzima, safi, isinuke, na uzee wake ubaki. Kwa kazi hiyo sijaona mwingine hapa mjini wa kumfikia Meku.

Utamkuta barazani nyuma ya Soko Kuu, upande wa Mtaa wa Chagga, kwenye mstari wa mafundi cherehani. Hana bango. Ana meza fupi iliyopauka, vigoda viwili, na kabati la kioo lenye mikoba inayosubiri wenyewe. Wote tunamwita Meku, yaani mzee kwa Kichagga, kwa ajili ya umri wake. Ukimpa shikamoo anaitikia bila kuinua macho kwenye sindano, usidhani amekasirika.

Nieleze kazi ya pochi moja tu, maana ndiyo niliyoifuatilia tangu mwanzo hadi mwisho. Ilitoka kwenye belo la gredi ya pili: Coach ya rangi ya matofali, ya kutupia begani. Coach ni kampuni ya New York, ilianza 1941, na mikoba yake ya zamani sisi tunaoichambua tunaitambua kwa vidole kabla ya macho. Ngozi ni nene lakini laini, haijafunikwa rangi nzito ya juu, na haina bitana. Ukifungua unakuta upande wa nyama wa ngozi yenyewe. Kifungo ni cha shaba, cha kuzungusha, ambacho aliwaletea Bonnie Cashin alipokuwa mbunifu wao miaka ya 1960. Ndani kuna kipande cha ngozi kilichogongwa maandishi, na hiyo yangu iliandikwa kwamba imetengenezwa New York City. Ukiona chapa hiyo kwenye belo, ishike, hata kama mkoba umekunjamana na unanuka.

Na ule ulinuka ukungu hasa. Ngozi ilikuwa kavu, mshono wa mkanda umeachia upande mmoja, kifungo kimezungukwa na uchafu wa kijani wenye kunata. Kuna wauzaji ambao wangeupaka dawa ya viatu jioni na kuuanika mezani asubuhi yake. Hilo huwa linaniuma. Dawa ya viatu ni nta na rangi inayokaa juu ya ngozi. Kwenye kiatu haina neno, lakini pochi inasugua kiuno na mkono siku nzima, na blauzi nyeupe ya mtu inaharibika.

Meku aliipokea, akaigeuzageuza, akachovya kidole kwenye kikopo cha maji na kudondosha tone moja chini ya kitako, mahali pasipoonekana. Tone likazama na kuacha doa jeusi lililokauka taratibu. Hapo akajua ngozi iko wazi, itanywa chochote atakachoipa, kizuri au kibaya. Lingeteleza na kubaki juu, angejua kuna rangi ya kufunika na angeisafisha kwa namna nyingine. Kisha akasogeza sumaku kwenye kifungo. Haikunata. Maana yake si chuma kilichochovywa, na kwa kuwa vifungo vya Coach za zamani ni shaba ya njano tupu, kinaweza kusuguliwa bila kuogopa kumaliza rangi ya juu. Vifungo vya chuma kilichochovywa rangi ya dhahabu ukivisugua unabaki na chuma cheusi.

Ule uchafu wa kijani aliutoa kwanza, kavu, kwa kijiti cha mwanzi na kitambaa. Alinieleza kwamba shaba ikikaa miaka imegusana na ngozi yenye mafuta, vinapikana na kutoa hiyo kijani, na ukiilowanisha kabla ya kuitoa inasambaa kwenye ngozi. Dawa ya kung'arishia shaba haigusi akiwa karibu na ngozi, inaacha doa jeupe kwenye mishono ambalo halitoki.

Kuosha ndiko mafundi wengi wanakoharibia. Sabuni ya mche na sabuni ya unga zina magadi, na ngozi iliyotengenezwa vizuri ina asidi kidogo. Ukiziweka pamoja ngozi inakauka na kuanza kupasuka baada ya muda, wakati fundi ameshakula hela yake. Meku anatumia shampoo ya watoto, matone machache kwenye bakuli la maji, na mswaki laini. Anaosha uso mzima kwa pamoja, hasugui doa peke yake, kwa sababu ngozi iliyo wazi ikilowana sehemu moja inabaki na mstari. Akajaza ndani vitambaa vya pamba vilivyochakaa, si magazeti, maana wino wa gazeti unahamia kwenye ngozi. Ikakaa kivulini mpaka ikakauka yenyewe. Jua la Moshi mchana na jiko la mkaa vyote anavikataza: ngozi iliyolowa maji ikikaushwa kwa moto inakakamaa na hairudi.

Halafu mshono, na hapa ndipo ningependa kila mteja akae kigodani aangalie. Alichomoa uzi wa zamani mmoja mmoja kwa ncha ya kisu. Akakata uzi mpya, akauvuta mara kadhaa juu ya donge la nta ya nyuki mpaka ukawa mzito, akafunga sindano kila mwisho. Sindano mbili, uzi mmoja. Kila tundu linapitwa na sindano zote mbili, moja kutoka kulia, nyingine kutoka kushoto, kisha anavuta pande zote kwa nguvu ileile. Cherehani haishoni hivyo. Cherehani ina nyuzi mbili zinazoshikana katikati. Mmoja ukikatika, mshono unaanza kufumuka. Huu wa mkono, uzi ukikatika mahali pamoja, tundu linalofuata bado limeshika. Na hakutoboa hata tundu moja jipya. Alitumia msharasi kufungua tu yale ya zamani yaliyoziba. Ngozi ukiitoboa upya pembeni ya matundu ya awali inakuwa kama ukingo wa stempu, siku moja mkanda unachanika wote kwa mstari.

Mafuta yake anachanganya mwenyewe: nta ya nyuki na mafuta yanayochemshwa kutoka miguu ya ng'ombe, miguu ileile ya makongoro. Mafuta hayo wenye farasi na matandiko wameyatumia tangu zamani kwa sababu hayagandi upesi. Wateja wengi wanamuuliza kwa nini asipake mafuta ya nazi yaliyo rahisi kupatikana. Mafuta ya nazi yanaganda chini ya nyuzi joto 24 hivi, na asubuhi za mwezi wa saba hapa kwetu ni baridi kuliko hapo. Unaamka pochi imetoka ukoga mweupe. Ya kupikia ndiyo mabaya zaidi, yanachacha humo ndani na harufu yake haitoki. Meku anapaka kidogo sana kwa vidole, anaacha usiku kucha, anafuta kilichobaki, anaamua kama inahitaji tena. Pochi ikilowekwa mafuta inalegea, inapoteza umbo, na mishono inaanza kuvutika.

Ilipotoka, rangi ya matofali ilikuwa imerudi na kina chake, kona mbili zimeiva weusi wa kushikwashikwa, na doa la kalamu ndani bado lipo. Aliniambia mapema kwamba wino wa kalamu hauondoi, kwa sababu dawa inayoutoa inatoa na rangi ya ngozi. Nilikubaliana naye kabisa. Alinitoza shilingi 25,000 kwa yote, na dada aliyeinunua aliliona doa hilo, akasema ndilo linamfanya aamini ni ya kweli.

Kitu kingine kinachonifanya nimwamini ni kazi anazozikataa. Mama mmoja mteja wangu alikuwa na mkoba wa marehemu baba yake, wa ngozi, wa kubebea makaratasi, wenye bizimu mbili. Nilimwelekeza kwa Meku. Meku alipoushika tu, vidole vyake vilijaa unga mwekundu wa kahawia. Hiyo inazipata ngozi za zamani zilizotengenezwa kwa maganda ya miti: zikila hewa chafu miaka mingi asidi inazidi ndani na nyuzi za ngozi zinavunjika. Maktaba na makumbusho wana dawa ya kushikilia huo unga usizidi kudondoka, lakini nguvu ya ngozi hairudi kwa dawa yoyote. Meku akamwambia, "Mwanangu, huu usiubebee kitu tena. Uvike kitambaa, uweke mahali pakavu, watoto wauone." Hakuchukua hata mia. Fundi mwingine angepaka rangi na mafuta, akachukua elfu thelathini, na mkoba ungemomonyoka mikononi mwa yule mama.

Ngozi bandia inayobanduka nayo anairudisha hapo hapo. Ile si ngozi inayougua, ni plastiki iliyopakwa juu ya kitambaa, na unyevu unaila hata ikiwa kabatini haijawahi kuvaliwa. Hakuna gundi wala rangi itakayoisaidia, kwa hiyo usipoteze nauli.

Sasa upungufu wake, maana upo. Siku anayokuahidi si siku utakayopata. Ukiwa na harusi Jumamosi, mpelekee wiki mbili kabla au usimpelekee. Simu haipokei akiwa anashona, na yeye anashona muda wote. Haandiki risiti, kwa hiyo piga picha pochi yako mbele yake kabla hujaiacha, ndani na nje. Rangi anazo nyeusi na kahawia iliyokolea tu. Pochi yako ikiwa ya kijani au bluu na imechubuka, ataisafisha na kuilisha mafuta lakini mchubuko utabaki, na mimi ningeuacha ubaki. Ngozi ya kung'aa kama kioo na ya nyoka hagusi.

Zipu ndilo jambo ninalobishana naye. Anazo zile za kawaida za madukani, nyeupe za bati, na kwenye pochi ya zamani zinaonekana geni kabisa. Nunua yako ya shaba umpelekee. Mimi huagiza Kariakoo. Ila kabla ya kununua mwache aiangalie, kwa sababu mara nyingi meno ni mazima na kilicholegea ni kichwa cha zipu. Anakibana kidogo kwa koleo pande mbili, zipu inafunga. Kwa hilo analipisha elfu mbili, na wakati mwingine halipishi kitu.

Wapo wanaoniuliza kwa nini wahangaike na ya zamani wakati Karanga pale kuna kiwanda cha bidhaa za ngozi, cha mfuko wa pensheni wa PSSSF na Jeshi la Magereza. Nunua, ngozi yetu ni nzuri na nafurahi inamalizwa hapa hapa badala ya kusafirishwa ghafi. Lakini kama kabatini una pochi ya mama yako ambayo shida yake ni mshono na vumbi, hiyo nayo ni ngozi nzuri, na tayari ni yako.

Ukishaichukua kwa Meku, iangalie. Masika ndiyo adui. Usiifungie kwenye nailoni, unyevu unabaki ndani na ukungu unaota. Ile mifuko mbadala iliyokuja baada ya katazo la mifuko ya plastiki la 2019 inafaa sana kwa kazi hii kwa sababu inapitisha hewa. Jaza kitambaa ndani ishike umbo, ilaze, usiitundike kwa mkanda miezi. Ukiona ukungu, ifutie nje ya nyumba kwa kitambaa kikavu na uipunge hewani kivulini, kisha safisha na hilo kabati lenyewe, la sivyo unarudisha pochi kwenye ugonjwa.

Bei zake kwa sasa: mshono wa mkanda 5,000, kusafisha na kulisha mafuta kati ya 15,000 na 20,000 kulingana na ukubwa, kubadili zipu 10,000 ukija na zipu yako. Hapendi kubishaniwa bei, ila ukimpelekea mikoba mitatu kwa pamoja anapunguza mwenyewe bila kuombwa. Jumapili hayupo. Nenda katikati ya wiki asubuhi, kabla jua halijaingia barazani, ndipo ana nafasi ya kuikagua pochi mbele yako. Usipomkuta, muulize mama wa chapati aliye mlango wa pili, lakini usimwachie yeye mkoba. Subiri umkabidhi Meku mwenyewe, umwonyeshe kila kasoro kwa kidole, na utoe kabisa vitu vyako kwenye mifuko ya ndani.