Khunjerab kwa gari la kukodi: mpaka wa Pakistani na China

Nyota nne kati ya tano. Ya tano imepotelea chooni, nitaeleza.

Tulikodi gari Karimabad, bonde la Hunza, tukaondoka alfajiri. Khunjerab ni njia ya kuvukia milima ya Karakoram, jirani na Himalaya, karibu mita 4,700 juu ya usawa wa bahari. Waliopanda Kilimanjaro wataelewa nikisema ni kimo cha kambi ya Kibo. Ila Kibo unafika kwa miguu, siku kadhaa, mwili umeshazoea. Huku asubuhi uko mita 2,500, mchana uko juu, na kazi yako ilikuwa kukaa kwenye kiti tu. Kichwa kitagonga. Kwenye gari letu aliyeanza kutapika ni kijana wa mazoezi, tena ndiye aliyeshuka akikimbia kupiga picha. Kunywa maji, tembea taratibu, na usitoke Islamabad ukaunganisha moja kwa moja. Lala Hunza kwanza.

Barabara ndiyo iliyorudisha pesa yangu. Wapakistani na Wachina waliichonga kwenye miamba kwa miaka mingi, na mamia wakafia kazini. Attabad unapita kwenye mahandaki, kwa sababu mwaka 2010 mlima uliporomoka ukaziba mto Hunza. Ziwa lililotokea bado lipo, buluu kama limetiwa rangi, na chini yake kuna nyumba za watu na barabara ya zamani. Mwambie dereva asimame hapo, na tena Passu, kwenye vilele vilivyochongoka. Wetu alikuwa na haraka, ikabidi tumbembeleze.

Sost, mji wa mwisho kabla ya mpaka, wanakagua pasi. Mbele kidogo kuna kiingilio cha hifadhi ya taifa, na mgeni analipa zaidi ya mwenyeji, kwa hiyo beba keshi.

Juu kuna lango kubwa la China, askari, upepo wa kukata masikio, na umati. Wengi wanapiga picha na ATM ya National Bank of Pakistan, maarufu kwa kuwa ya juu kuliko zote duniani. Sikuona mtu akitoa pesa. Bila viza ya China unaishia hapo hapo. Vyoo ni vibaya na ni vichache. Malizeni mambo yenu Sost.

Wakati wa kushuka tuliona marmoti pembeni ya lami, wanafanana na pimbi walionenepa, hawaogopi gari.

Hunza wengi ni Waismailia, Waislamu wanaomfuata Aga Khan. Mzee wa nyumba ya wageni tulipolala ana picha ya Aga Khan ukutani. Nilipomwambia kwetu Dar kuna hospitali yenye jina hilo, chai ikaongezwa, na aprikoti kavu za Hunza, yale matunda madogo ya manjano. Nendeni kati ya Mei na Oktoba, na baada ya mvua ulizeni kwanza kama njia haijafunikwa na maporomoko.