Kupimwa uvimbe wa titi: sindano nyembamba na sindano nene

Uvimbe wangu wa titi nimeupima sehemu mbili. Hospitali ya pili, ya rufaa, naipa nyota nne kati ya tano. Kituo cha kwanza sikitaji, nacho nakipa moja.

Uvimbe wangu uko titi la kushoto, juu, upande wa kwapa, saizi ya njugu mawe. Kituo cha kwanza walinichoma sindano nyembamba, hii hii ya kupigia dawa, bila ultrasaundi. Daktari akaubana uvimbe kwa vidole viwili, akachoma, akavuta, akapaka kwenye vioo. Mchana nilikuwa soko la Feri nauza samaki. Majibu yalipotoka dada wa mapokezi akanambia, "Hakuna kansa mama, nenda kwa amani." Karatasi ilikuwa na maneno mengine: seli zilizopatikana hazitoshi kutoa jibu. Jamani! Hapo ni kama hujapimwa, siyo kwamba uko salama. Isomeni karatasi wenyewe, au mpeni mtu awasomee.

Siipondi sindano nyembamba. Ni ya haraka, bei nafuu, na uvimbe wa maji huweza kuvutwa ukaisha hapo hapo. Ila inategemea sana mkono wa mchomaji na jicho la anayesoma vioo. Tena inanyonya seli zilizotawanyika tu, kwa hiyo hata ikiona saratani haiwezi kusema kama bado imejifungia ndani ya mirija ya maziwa au imeshavuka.

Hospitali ya rufaa walianza na mikono: matiti yote mawili, kwapa zote mbili. Kisha ultrasaundi, ndipo sindano nene, ile inayokata vinyama vidogo vya uvimbe. Kilichouma ni ganzi. Kifaa chenyewe kina springi, daktari alinionya, "Mama, utasikia mlio, usishtuke." Nikashtuka vilevile. Kwenye skrini niliiona sindano, mstari mweupe, ikipenya katikati ya uvimbe. Vinyama alivitumbukiza kwenye kichupa cha formalini, maji ya dawa ya kuhifadhia, kimoja kikaelea. Akasema hicho huenda ni mafuta matupu, akarudi kuchukua kingine. Hapo ndipo nilipomwamini.

Jibu: fibroadenoma, uvimbe usio saratani. Lakini hakuniruhusu kwa karatasi hiyo pekee. Aliweka pamoja alichopapasa, picha na kinyama. Vikikubaliana vyote vitatu, nafasi ya kukosea ni ndogo mno. Kinyama kikisema salama na picha inatia shaka, wanarudia au wanautoa uvimbe wote, kwa sababu hata sindano nene inaweza kupita pembeni. Na ingekuwa saratani, kinyama kile kile kingepimwa vipokezi vya homoni ili wajue dawa ipi itafaa.

Nyota niliyokata ni ya maabara. Waliniahidi wiki moja, ikapita, simu haipokelewi, nikaenda kusimama dirishani mwenyewe. Shirika la Afya Duniani linataka uchunguzi mzima ukamilike ndani ya siku 60, na wiki kama hizi ndizo zinazozila hizo siku. Bei nayo ni zaidi ya mara mbili ya ile nyembamba, ila ukilipia nyembamba mara mbili umeshakaribia pale pale.

Mkienda, vaeni sidiria inayobana, maana titi linavilia damu kidogo. Kama unameza dawa ya kuyeyusha damu, sema kabla hujalala kitandani. Na ndoo ya samaki siku hiyo abebe mwingine.