Kamera ya hadubini kutoka Luthuli: megapikseli 5 zinatosha

Kamera hii ya hadubini ya megapikseli 5 niliinunua kwa shilingi 14,500 katika duka moja la Luthuli Avenue, Nairobi, ambako muuzaji alinisihi niongeze pesa nichukue ya megapikseli 18. "Hiyo, mwalimu, haifichwi kitu," aliniambia. Nilikataa, na baada ya mwezi mmoja wa kuitumia sijutii.

Undani wa picha huamuliwa kwanza na lenzi. Ernst Abbe alionyesha mwaka 1873 kwamba umbali mdogo kabisa unaoweza kupambanuliwa hupatikana kwa kugawanya urefu wa wimbi la mwanga kwa mara mbili ya ile namba iliyochongwa ubavuni mwa lenzi, kando ya kiwango cha ukuzaji. Lenzi yangu ya mara 40 imechongwa 0.65, hivyo kwa mwanga wa kijani wa nanomita 550, vitone viwili vilivyokaribiana chini ya mikromita 0.42 huonekana kimoja. Kamera inatakiwa kuweka angalau pikseli mbili katika umbali huo. Pikseli za hii zina upana wa mikromita 2.2 na adapta yake, kile kipande kinachoishikiza kwenye hadubini, hupunguza picha kwa nusu, ukuzaji wa mara 40 ukabaki 20, hivyo kila pikseli hufunika mikromita 0.11 za kielelezo, yaani karibu nne mahali ambapo mbili zingetosha. Pikseli ndogo zaidi zingenijazia diski tu.

Lawama yangu ni kwa programu, ambayo inapofunguliwa mara ya kwanza huhifadhi picha za 1296 kwa 972, robo ya pikseli zote, bila kumwarifu mtumiaji. Niligundua hilo nilipopiga picha magamba ya bawa la kipepeo aliyekufia dirishani, kwa lenzi ya mara 10: kwa jicho niliona mistari myembamba iliyonyooka, ilhali pichani yalitokea mawimbi mapana, kama shati la milia la mtangazaji linavyochezacheza kwenye runinga. Lenzi hiyo, yenye namba 0.25, hupambanua mikromita 1.1, na pikseli moja ilikuwa ikifunika 0.88. Nilipoweka 2592 kwa 1944 ikafunika 0.44, na mistari ikanyooka. Kwenye slaidi ya vipimo, mikromita 10 zilichukua pikseli 23 hivi, kama hesabu inavyotaka.

Adapta inalegea kwenye bomba la hadubini, nami nimeizungushia utepe. Kebo ya USB nayo ni fupi.