Privacy Badger kwenye kompyuta za duka langu, Malaba

Kompyuta zangu hapa Malaba, mpakani upande wa Uganda, hukaliwa na kila aina ya mtu: madereva wa matrela wanaosubiri karatasi zao za forodha, wanafunzi wa sekondari, kina dada wanaoomba kazi Uarabuni. Sasa mtu akitafuta mashine ya kupimia sukari, akalipa na kuinuka, anayekaa baada yake akifungua gazeti anatangaziwa mashine za sukari ukurasa mzima. Kuna siku aliyefuata alikuwa shemeji yake. Akauliza kwa sauti, "Kwani hapa nani ana sukari?" Mwenyewe alikuwa bado mlangoni anahesabu chenji.

Ndiyo maana nikaweka Privacy Badger. Ni programu jalizi, yaani programu ndogo inayoongezwa ndani ya kivinjari, ya bure kabisa, inatengenezwa na Electronic Frontier Foundation, shirika la Marekani linalotetea haki za watu mtandaoni tangu 1990. Alama yake ni kichwa cha mnyama wa jamii ya nyegere, kinakaa pembeni juu ya kivinjari. Ukikibofya unaona tovuti za watu wengine zilizojibanza ndani ya ukurasa uliofungua. Hapo ndipo wateja wangu hutoa macho. Umefungua gazeti moja tu, kumbe ndani yake kuna msururu wa kampuni za matangazo ambazo hujawahi kuzisikia, na kila moja inataka kukuwekea kidakuzi, yaani faili dogo lenye namba ya kukutambua ukienda tovuti nyingine.

Kila jina lina rangi yake. Nyekundu limezuiwa kabisa. Njano linaruhusiwa kupakia kwa sababu ukurasa unalihitaji, tuseme ramani au video, ila vidakuzi vyake vimekatwa. Kijani limeachwa lipite. Unaweza kubadilisha mwenyewe, lakini mimi sijaona haja, imejipanga vizuri.

Sasa niseme lisilosemwa sana: hii kitu inazuia, haifagii. Vidakuzi vilivyoingia kabla hujaiweka vitabaki mpaka uvitoe kwa mkono wako. Kwenye kivinjari cha Firefox cha kompyuta bonyeza Shift na F9, litafunguka dirisha la kuonyesha kila kitu ambacho tovuti imehifadhi kwako. Angalia majina. Linaloanza na _ga ni la Google Analytics, huduma ya kuhesabu wanaotembelea tovuti, na kwa kawaida limepangiwa kuishi miaka 2. Likiwa _fbp ni la Facebook, la miezi 3. Ujanja wake ni kwamba yote mawili yanahifadhiwa kwa jina la tovuti uliyoitembelea, kwa hiyo mtu anayewinda majina ya kigeni tu anayapita. Tena ukivifuta bila kuzuia kile kinachoviandika, ukipakia ukurasa upya vimerudi. Futa na uzuie, vyote viwili.

Kufagia vyote kwa mpigo ni Ctrl, Shift na Delete. Lakini kwa duka kama langu dawa iko kwenye mipangilio ya Firefox yenyewe, sehemu ya faragha na usalama: weka alama pale pa kufuta vidakuzi kila kivinjari kinapofungwa. Mteja akiondoka nafunga, nafungua upya kwa anayefuata. Hata aliyesahau kutoka kwenye barua pepe yake anaokoka. Kwenye laptopu yangu ya nyumbani sijaiwasha, maana kuandika nywila kila asubuhi kutanitia wazimu.

Nikiwa mkweli, anayetumia Firefox tayari ana nusu ya kazi imefanywa. Tangu Juni 2022 Firefox humwekea kila tovuti chungu chake cha vidakuzi, na wa chungu hiki haonji cha mwenzake. Nyegere anaongeza kule kuonyesha na kuwakata wengine wasipakie kabisa. Kwa anayetumia Chrome faida yake ni kubwa zaidi, kwa sababu Google ilitangaza 2020 kwamba itaviondoa vidakuzi vya watu wa pembeni, yaani vya tovuti nyingine zilizojibanza ndani ya ukurasa, ikaahirisha na kuahirisha, mwishowe 2024 ikabadili mawazo.

Halafu kuna hili la VPN, programu inayopitisha mtandao wako kwenye kompyuta ya mbali. Tangu Facebook ifungwe nchini Januari 2021, kila mtu hapa ana VPN kwenye simu na anaamini imemficha. Dereva mmoja alinicheka: "Dada, mimi nina VPN, hao watanionea wapi?" Nikamwonyesha. VPN inabadilisha anwani ya IP, ile namba ya kifaa chako mtandaoni, lakini kidakuzi kimebaki kilekile, na namba yake ni ileile. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama hiyo programu inaingia kwenye simu.

Inaingia, lakini si kwenye Chrome ya Android, ile haipokei programu jalizi. Weka Firefox kwanza, halafu uitafute humo ndani. Simu yenye nafasi ndogo itabidi ufute picha kadhaa.

Mapungufu. Haikuundwa kuondoa matangazo yote. Tangazo lisilokufuatilia linaachwa, kwa hiyo anayechukia matangazo atafute uBlock Origin. Pia kuna tovuti moja ya malipo ambayo fomu yake iligoma kufunguka mpaka nilipobofya kitufe cha kuizima kwa tovuti hiyo pekee. Na bado kuna ufuatiliaji usiotumia vidakuzi, wa kusoma aina ya mashine yako, fonti na ukubwa wa kioo. Nyegere anaukamata kiasi, si wote.

Kwa bando zetu hizi zenye ushuru wa asilimia 12, kurasa kufunguka bila hayo makorokoro ni nafuu nyingine. Nyota nne. Ya tano naizuia mpaka iwe na kitufe cha kufagia vya zamani.