Rangi ya kuchanganywa kwa kuta za ndani: ipi ununue

Nyumba ikishapigwa plasta, swali linalobaki ni rangi utaitoa wapi. Mimi napanga njia zilizopo kwa kigezo kimoja: baada ya mwaka, watoto wakishachafua ukuta wa sebuleni, je, utaipata rangi ileile?

Nafasi ya kwanza ni rangi ya mashine. Unachagua namba kwenye kadi, muuzaji anachukua kopo la besi, yaani rangi ya msingi ambayo haijakolezwa, mashine inadondosha rangi za kukolezea kwa vipimo, kisha kopo linatikiswa. Soma stika ya kwenye mfuniko kabla hujaondoka. Iwe na namba ya rangi, aina ya besi na kipimo cha kila kikolezo. Ipige picha. Namba peke yake haitoshi, kwa sababu namba hiyohiyo kwenye rangi ya silki na kwenye rangi isiyong'aa huonekana tofauti ukutani. Ukipenda rangi iliyokolea, mfano bluu ya usiku, dai besi ya rangi nzito, maana besi nyeupe haifiki huko hata ikolezwe vipi.

Ya pili ni makopo ya tayari kutoka kiwandani. Uchaguzi ni mdogo, krimu na ndugu zake, lakini hata duka la wilayani unayapata. Kwa nyumba ya kupangisha ningenunua haya bila kusita.

Ya tatu, fundi achanganye ndoo nyeupe na vikolezo vya chupa. Wapo mafundi wenye jicho kali kweli, ila jicho haliachi kipimo. Ikiisha katikati ya ukuta, kiraka kitaonekana. Ikubali kwa chumba kimoja tu, ichanganywe yote kwa mara moja. Asiruhusiwe kamwe kutia rangi ya mafuta kwenye rangi ya maji, hazishikani.

Kwa nyumba za mawe na chokaa za Mji Mkongwe au Lamu, mpangilio huu haufai. Kuta zile hupitisha unyevu, na rangi ya plastiki, yaani rangi ya maji ya dukani, huuzuia hadi ikabanduka. Huko chokaa ndiyo ya kwanza.

Popote ulipo, ulizia rangi isiyo na madini ya risasi, hasa ukinunua ya mafuta ya njano au nyekundu. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kilicho salama kwa mtoto.

Anza na kopo dogo. Piga mikono miwili, yaani tabaka mbili za rangi, kwenye kipande cha hadibodi, kikauke, kisha kihamishe ukuta hadi ukuta, asubuhi na usiku taa zikiwaka. Ukiridhika, piga hesabu: chumba cha mita 4 kwa 3.5 chenye kimo cha mita 3, ukitoa mlango na madirisha, hubaki na takriban mita 40 za mraba. Mikono miwili ni 80. Lita moja ikifunika mita 10, unahitaji lita 8, yaani makopo mawili ya lita 4. Plasta mpya hunywa zaidi, hivyo ipige praima, rangi ya kutangulia, kwanza. Makopo yote yamiminwe kwenye ndoo moja na kukorogwa kabla rola haijagusa ukuta.